Siri Yenye Mlango: Somo kutoka Kibiti na Delta ya Rufiji

Ukisema hapa chuoni kwamba kwenu ni Kibiti, maswali hayachelewi. La kwanza huulizwa kwa kicheko: "Eti kwenu unyago bado upo? Wanafundishana nini mule ndani?" La pili huulizwa kwa sauti ya chini: "Hivi wale jamaa wa 2017 walikuwa nani hasa?" Ukikaa kijiweni dakika kumi zaidi linafuata la tatu, la Frimasoni. Hilo halina asili yoyote Kibiti, ila ni swali linalopenda kutembea na wenzake.

Yote matatu yanatokana na hamu moja. Kuna watu wameingia ndani wakafunga mlango, nasi tumebaki nje. Anayebaki nje anaweza kuwa mgeni, kama mwalimu aliyepangiwa kituo juzi. Anaweza pia kuwa mama mzazi wa aliyeingia. Mgeni anauliza kwa sababu anatamani kujua, mama anauliza kwa sababu ana mtu wake mule ndani. Katika makala hii nataka tujifunze kuuliza kama mama. Nitapita kwenye mifano minne, mitatu ya huku kwetu na mmoja wa mbali, kisha tutoe vipimo ambavyo mwanafunzi wa ualimu anaweza kuvitumia kesho asubuhi.

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Ninaposema chama cha siri nina maana ya kundi ambalo mtu haingii mpaka apokewe, anaaswa au kuapishwa asiseme ya ndani, na akishapita anahesabiwa mwenzao. Kwa maana hiyo jando ni chama, na Frimasoni ni chama. Hata mnong'ono unaweza kuwa chama, kama tutakavyoona.

Mfano wa kwanza: jandoni na unyagoni

Kwa Wandengereko, Warufiji na Wanyagatwa wa delta, kama ilivyo kwa majirani zetu Wazaramo na Wamatumbi, mtoto hakuwa mtu mzima kwa kuongezeka miaka tu. Wavulana walikwenda kumbini, wakatahiriwa na ngariba, wakakaa huko mpaka wapone na wafundwe. Msichana aliwekwa ndani, akawa mwali, akakabidhiwa kwa kungwi. Huko ndiko kuna mizungu, yaani mafumbo, nyimbo na ishara. Ukitupiwa neno hili unatakiwa ujibu lile. Asiyejua jibu anajulikana hapohapo kwamba hajapita.

Mimi nilichezwa baada ya mtihani wa darasa la saba. Mhariri ameniomba niandike kidogo nilichofundishwa, na nimemkatalia kwa heshima zote. Lakini hebu tuulize: ni siri kweli? Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza habari za jando na unyago katika kitabu *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1903. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, alizipiga ngoma za unyago jukwaani mbele ya wageni wa kila taifa. Kama siri ingekuwa ni taarifa tu, ingekuwa imekwisha zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Mbona haijaisha? Kwa sababu kuyajua ya ndani hakukufanyi uwe umepita. Ni sawa na kushika majibu ya mtihani wa kidato cha nne ambao hukuufanya: majibu unayo, cheti huna. Siri ya unyagoni inalinda cheti. Inamwambia msichana kwamba kuna maneno ambayo tangu leo ni yake pamoja na wenzake, na kwamba wakubwa wamemwamini nayo. Kwa jicho la mwalimu, hiyo ni mbinu ya kufundishia, tena si mbaya. Mtoto hushika sana jambo alilokabidhiwa kuliko jambo alilosomewa.

Sasa tutazame mlango. Kaka zangu walipokuwa kumbini, mama hakuruhusiwa kusogea. Lakini kila siku alipika, chakula kikachukuliwa, na sufuria zikarudi. Sufuria ikirudi tupu, mama anajua mtoto anakula. Ikirudi na chakula, anamtuma mjomba akaulize, na mjomba anarudi na jibu. Alijua wako upande gani, alijua ngariba ni nani na kwao ni wapi, na alijua takribani siku ya kutoka, maana nguo mpya zilikuwa zimeshanunuliwa. Hakujua neno hata moja la mizungu ya wanaume mpaka leo, na sijawahi kumsikia akilalamika.

Hiyo ndiyo ninayoiita siri yenye mlango. Umefungwa, lakini upo, na aliye nje anajua pa kubisha.

Tusiipambe kupita kiasi, maana ina tatizo lake na sisi walimu watarajiwa ndio tutakaokutana nalo. Msichana akiwekwa ndani wakati shule imefunguliwa, masomo yanampita. Na akitoka, kuna wanaume wanaosoma ile ngoma kama tangazo kwamba sasa anaolewa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kwa hiyo mlango wa mwali ukifunguka, ni muhimu sana unafungukia wapi: darasani au kwa mume.

Mfano wa pili: mnong'ono wa Ngarambe

Wengi tunamjua Kinjikitile kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, ya mwaka 1969. Mwenyewe alikuwa mtu wa Ngarambe, hapahapa Rufiji. Mwaka 1904 ilisemekana amepandwa na pepo Hongo, akaingia kwenye maji ya mto na kutoka salama, akaanza kugawa maji ya dawa. Wakati huo watu walikuwa wamechoshwa na kodi, na viboko vya maakida, na mashamba ya pamba ya lazima ambayo Wajerumani walianza kuyafungua mwaka 1902.

Habari zake zilisafirije mbele ya macho ya serikali? Kwa Wamatumbi njia hiyo iliitwa njwiywila, yaani habari ya kunong'onezana. Ndugu alimwambia ndugu, naye akamwambia shemeji anayemwamini. Watu walikwenda Ngarambe makundi kwa makundi, wala safari haikufichwa. Ilionekana kama watu wanakwenda kwa mganga, jambo la kawaida kabisa. Kilichofichwa ni maana ya safari. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye milima ya Umatumbi, waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Vita havikufa naye, vilienea mpaka Songea.

Njwiywila ilipita kwenye undugu, kwa hiyo familia ilijua. Mlango ulikuwepo. Lakini hapa somo letu linakuwa gumu, kwa sababu siri hii yenye mlango iliua watu wengi mno. Wajerumani wenyewe walitaja vifo 75,000, na wanahistoria wamekadiria mpaka 300,000, wengi wao wakifa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Aliyewaua ni mkoloni, hilo lisisahaulike. Ila ahadi iliyobebwa na mnong'ono ule, kwamba risasi zitageuka maji, haikuweza kupimwa kabla ya siku ya bunduki. Aliyenong'onezwa hakuwa na mahali pa kuuliza, "Tuna hakika gani?" Kwa hiyo mlango peke yake hautoshi. Lazima pia kuwe na ruhusa ya kuhoji ahadi.

Kuna jambo jingine la kutufurahisha sisi wanafunzi. Miaka zaidi ya sitini baadaye, 1968 na 1969, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini wakati wa likizo kukusanya simulizi za Maji Maji kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai. Huko Umatumbi na Rufiji Gilbert Gwassa alikuwa tayari anafanya kazi hiyohiyo. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu njwiywila imetoka kwa wazee hao. Siri ambayo akida hakuipata kwa kiboko, vijana waliipata kwa kukaa mkekani na kuamkia. Fikiria tofauti ya waulizaji hawa wawili. Akida alitaka siri ili aifanyie kazi dhidi ya mwenye nayo. Kijana aliitaka ili isipotee.

Mfano wa tatu: Frimasoni na namba za kwenye nguzo

Twende mbali kidogo, maana huu ndio mfano unaowagharimu pesa wanafunzi wenzetu.

Frimasoni wanahesabu mwaka 1717, London, kuwa mwanzo wa chama chao kikuu cha kwanza. Alama yao ni skwea na bikari, zana za mafundi wa kujenga kwa mawe. Wana viapo, ngazi na ishara za kutambuana. Ukitazama vizuri, hiyo ni mizungu: ukitupiwa neno hili, jibu lile. Na kama mizungu yetu, ilishaanikwa zamani. Mwaka 1730 Samuel Prichard alichapisha London kitabu kinachoeleza taratibu zao za ndani, na chama hakikufa. Hapa Tanzania jengo lao liko wazi katikati ya Dar es Salaam. Sir Andy Chande, mfanyabiashara aliyekulia Bukene, Tabora, na kufariki mwaka 2017, aliongoza Frimasoni wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi na hakuficha uanachama wake. Unaweza kutokubaliana nao kabisa, kwa dini au kwa mtazamo. Lakini jengo unalijua na kiongozi unamjua jina.

Sasa linganisha na karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme: jiunge na Frimasoni, pata utajiri ndani ya siku saba, piga namba hii. Ukipiga unaambiwa ulipie fomu. Ukilipa fomu kuna ada ya kiapo, halafu ada ya kusafirisha pete. Kila hatua unakumbushwa usimwambie mtu, hasa wazazi. Hela ikiisha, namba inazimwa. Kwa utaratibu wa Frimasoni wenyewe, mtu huomba na kudhaminiwa na wanachama wanaomfahamu, na hakuna utajiri unaogawiwa kwa ujumbe wa simu. Tapeli huyu hana hata chama. Ana siri tupu, na anaiuza kwa sababu anajua tulivyo na hamu ya kujua ya ndani. Dalili yake kubwa ni lile sharti la kutowaambia nyumbani.

Mfano wa nne: siri isiyo na mlango

Nimeuacha huu mwisho kwa sababu kwetu bado ni kidonda.

Kati ya 2015 na 2017, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, watu wasiojulikana waliua wenyeviti na watendaji wa vijiji, askari na raia wa kawaida. Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa Kibiti katika shambulio moja. Serikali ikaunda Kanda Maalumu ya Polisi ya Rufiji, na bodaboda zikapigwa marufuku usiku. Novemba 2017 Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la *Mwananchi* aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, alichukuliwa Kibiti na hajaonekana mpaka leo.

Sitajifanya najua waliofanya hayo walikuwa nani. Ninachoweza kusema ni jinsi siri ile ilivyoonekana kutoka nje, kwa upande wa familia. Hapakuwa na sufuria inayorudi. Hapakuwa na mjomba wa kutumwa, wala siku ya kutoka. Kijana akiondoka nyumbani, aliyebaki hakujua amwulize nani, na kuuliza kwenyewe kukawa kosa machoni mwa pande zote. Ukiuliza sana, unaonekana mpelelezi. Ukinyamaza, unaonekana unajua kitu. Zipo familia zilizozika, na zipo ambazo bado hazijui kama zisome hitima au ziendelee kusubiri.

Ndiyo maana yule anayetuuliza kwa sauti ya chini hapati jibu. Kimya cha mtu wa Kibiti si ushahidi kwamba anajua. Mara nyingi ni tabia aliyojifunza miaka ile ili afike asubuhi.

Vipimo vinne

Kutokana na mifano hii, napendekeza tuache kupima chama kwa ukubwa wa siri yake. Tukipime kwa maswali haya.

Kwanza, *sufuria*. Je, nyumbani wanajua mtu wao yuko wapi na wamuulize nani? Jando linafaulu. Frimasoni wa jengoni nao, kwa kiasi chao. Namba ya kwenye nguzo inafeli, na siri ya 2017 inafeli kabisa.

Pili, *siku ya kutoka*. Je, kuna mwisho unaojulikana, au mtu anaweza kuondoka akabaki salama? Mwali hutolewa kwa ngoma mchana kweupe. Kundi ambalo anayetaka kutoka anatishiwa halihitaji uchunguzi zaidi.

Tatu, *anarudi kwa nani*. Aliyepita kumbini anarudi kwa mama yake akiwa ameongezewa adabu na kazi. Kundi linalomfundisha kijana kwamba ndugu zake si ndugu tena linamkata, hata kama linatumia maneno matamu.

Nne, *ahadi*. Je, kinachoahidiwa kinaweza kuhojiwa kabla mtu hajalipa, kwa hela au kwa roho yake? Hapa ndipo Ngarambe inatufunza, na hapa ndipo utajiri wa siku saba unaanguka.

Kwa sisi tunaokwenda TP

Ukipangiwa shule ya Bungu, Ruaruke au visiwani upande wa Salale, haya yatakusaidia.

Usiulize mizungu. Hutaambiwa, na ukiambiwa utakuwa umemfanya mtu avunje neno lake kwa ajili ya udadisi wako. Uliza kalenda: mwaka huu wali watawekwa ndani lini, na watatoka lini? Hilo ni swali ambalo mzazi yeyote ana haki nalo, na mwalimu ni mzazi.

Pita mlangoni. Anza na mwenyekiti wa kitongoji, umwamkie, ujieleze. Kwa mambo ya wasichana, mwalimu wa kiume ampitie mwalimu wa kike au mama mtu mzima. Kungwi ni mwalimu mwenzako, tena mwenye uzoefu kuliko wewe, kwa hiyo mkaribie hivyo. Makubaliano kwamba shughuli ifanywe likizo ya Juni au Desemba yanawezekana kama yanaombwa mapema na kwa heshima. Na simu yako ibaki mfukoni, usirekodi ngoma ambayo hukualikwa.

Lakini jua heshima inaishia wapi. Mtoto akitolewa ndani akapelekwa kwa mume, akiumizwa, au akitoweka na nyumbani hawana jibu, hapo hakuna tena siri ya kuheshimu. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi, au piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Wazee wetu wenyewe walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Maswali ya kujadili

1. Je, maandalizi ya jando na unyago yanaweza kupimwa kama somo? Ni lengo gani la kujifunzia ambalo shule haifundishi na kungwi anafundisha?

2. Katika njwiywila ya 1904 na 1905, nani angeweza kuihoji ahadi ya maji bila kuonekana msaliti? Je, leo tunao watu wa namna hiyo katika vikundi tulivyomo hapa chuoni?

3. Mdogo wako anaanza kukaa kimya, ana marafiki wapya na "mambo" asiyotaka kusema. Ukitumia vipimo vinne, utaanza na swali lipi ili asikufungie mlango?

4. Zoezi la likizo: chagua mzee mmoja wa kwenu aliyepita jandoni au unyagoni. Muulize swali moja tu: mlipokuwa ndani, nani nyumbani alikuwa anajua mko wapi? Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.